Bunduki ya Nyati na Bega la Mtu

Wazee wangu, kina mama mliotoka Barut na Mwariki, maafande wenzangu, na nyinyi vijana mliokesha kwenye matatu kutoka Homa Bay, Kisumu na Cheptais: hamjambo nyote, na karibuni Nakuru.

Nimeombwa nijibu swali ambalo vijana wameniuliza tangu jana jioni tukinywa chai. Kwa mnyama mkubwa, yaani nyati, kiboko, ndovu, mtu ashike bunduki ya kaliba gani, yaani ya risasi yenye upana gani? Nitalijibu, na namba nitazitaja. Lakini niruhusuni nianzie kwenye bega langu la kulia, maana jibu lenyewe nililipatia hapo.

Mwaka 1976 nilikuwa kijana wa miaka 22, nimeajiriwa kupambana na wanyama waharibifu. Kwenye kituo nilichopangiwa kulikuwa na bunduki moja kubwa, .458, na kila kijana mgeni alitamani aonekane ameibeba. Nilipewa risasi tatu za kujifunzia. Ya kwanza ilinirudisha hatua nzima nyuma. Ya pili niliipiga nimeuma meno. Ya tatu, nasema mbele yenu wazee, niliipiga nimefumba macho, na kwa bahati ikagonga ubao. Nikaambiwa nimefuzu.

Wiki mbili baadaye tukaitwa upande wa Subukia. Nyati dume mzee, aliyejitenga na kundi, mchana analala vichakani kando ya mto na usiku anaingia mahindini. Tulimkuta alfajiri, hatua 40 mbele yetu, ametupa ubavu wala hana habari kwamba tupo. Hakuna mlengaji anayeomba zaidi ya hapo. Nikaweka shabaha begani kwake, na kabla kidole hakijamaliza kazi kwenye triga, mwili wangu ulikuwa umeshajikunja kungojea teke. Mtutu ukaenda kombo. Risasi ikampata tumboni.

Tulimfuata siku mbili. Damu ilikuwa ya matone, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, na mwenye kujua nyayo anajua maana yake. Siku ya tatu, mama mmoja alishuka mtoni kuokota kuni. Nyati akamrusha juu, akamvunja nyonga. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini alitembea kwa mkongojo mpaka siku aliyozikwa. Kila Krismasi nilipita kwake na sukari na majani chai, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Kwa hiyo mnaponiuliza kaliba, mimi sikumbuki vitabu vya viwanda vya silaha. Namkumbuka huyo mama.

Kwanza tuelewane ninazungumza na nani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufungulia mlango. Mwananchi wa hapa hana ruhusa ya kumwinda nyati. Akimwona shambani anapaswa kuwaita KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kuwaondoa watoto njiani. Maneno yangu ni ya askari wanaotumwa kumzuia mnyama aliyeshaua au anayekaribia kuua, na ya vijana wetu waliopata kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji huko Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaendelea kisheria. Nyinyi mtakuwa karibu na bunduki hizi, na siku moja mtaambiwa mchague.

Sasa namba. Mtu akisema .375, anataja upana wa risasi kwa sehemu ya inchi, karibu milimita 9.5. Hiyo .458 ni milimita 11.6. Lakini upana peke yake haukuambii kitu mpaka ujue uzito wa risasi na mwendo wake. Risasi ya kawaida ya .375 ya kiwanda cha Holland & Holland ina gramu 19 na kidogo, nayo hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ya .458 ya Winchester ina gramu 32 na hutoka kwa mita 640 hivi, ikiwa baruti yake ni nzuri. Ukipiga hesabu ya nguvu, ambayo hupimwa kwa jouli, ya kwanza inakaribia jouli 5,800 na ya pili jouli 6,600. Tofauti ipo, lakini si ile ambayo vijana huiwazia.

Haya, geuza bunduki utazame upande wa kitako. Bunduki ya .30-06, ambayo wengi wanaiweza, hulipiga bega kwa jouli 27 hivi. Ya .375 hufika 50. Ya .458 hupita 80. Na ipo .460 ya Weatherby ambayo huvuka 130. Hapo ndipo hesabu inapogeuka: ukitoka .375 kwenda .458, mnyama anaongezewa nguvu kidogo, nawe unaongezewa teke zaidi ya nusu. Wazee walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana kuliko mlango huu wakitetemeka mbele ya bunduki waliyoichagua wenyewe kwa sababu ya jina lake.

Teke linaumiza, ndiyo, lakini maumivu ya bega hupoa kwa siku mbili. Kinachobaki ni woga ndani ya mwili. Mwili una akili yake. Ukishaupiga mara chache bila kuuandaa, unajifunza kwamba triga ikivutwa kuna kipigo kinakuja, na unaanza kujikinga mapema: jicho linafumba, shingo inakakamaa, mkono unausukuma mtutu chini. Haya yote hutokea kabla risasi haijatoka, na mwenyewe hajui. Atakuapia kwamba alilenga vizuri. Mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya afande wangu, na niliamini nilichokuwa nikisema.

Wapo watakaoniambia, mzee, kama ni hivyo basi tuchukue bunduki ndogo kabisa, mradi mtu alenge. Nao huwa wana hadithi ya kuleta, na hadithi hiyo ilianzia karibu na nyumbani kwa baadhi yenu. Miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, Mskoti mmoja aliyeitwa W. D. M. Bell alikuwa akianzia safari zake Mumias, kwenye makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, anapita kando ya Mlima Elgon mpaka Karamoja, Uganda. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, na wengi wao aliwaua kwa bunduki nyembamba ya milimita 7, risasi yake gramu 11 tu. Ni kweli. Lakini isimulieni yote. Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kutoka kila upande. Alishika bunduki tupu na kulenga siku nzima akiwa safarini. Alitumia risasi ngumu zisizopinda wala kufunguka. Na ndovu wa Karamoja ya wakati ule walikuwa mahali pa wazi, hawajazoea mlio wa bunduki. Alichagua bunduki ndogo kwa sababu ilikuwa nyepesi na haikumpiga, na kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Lakini mchukue mtu asiye na kichwa cha Bell, mpe bunduki ya Bell, mwingize usiku kwenye miwa ambamo mna kiboko, halafu andaa machela.

Kwa hiyo chini kuna sakafu. Nyati dume ana kilo 700 na zaidi, kiboko anafika tani moja na nusu, ndovu dume tani 5 au 6. Ngozi, nyama na mifupa hiyo lazima ipenywe mpaka moyoni au ubongoni, hata pale mnyama anapokugeuzia kifua au anapokimbia upande. G3 yenu, ambayo wengi hapa mmefundishwa, ina risasi ya gramu 9 na nusu na nguvu ya jouli 3,300 hivi, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu. Siku mnyama amekujia na huna nyingine, piga, hakuna atakayekuuliza. Kutoka kituoni asubuhi ukiwa umepanga kumkabili nyati kwa G3 ni kosa, na mkubwa wako akikutuma hivyo una haki ya kuuliza. Nchi zinazoruhusu uwindaji zimeliona hilo. Zimbabwe, kwa mfano, kwa ndovu, nyati na kiboko imeweka kiwango cha chini cha milimita 9.2 na jouli 5,300.

Kati ya sakafu hiyo na pale bega linapokataa, ndipo pa kutafuta. Mkinibana nitaje moja, nataja .375 ya Holland & Holland. Ilitoka mwaka 1912, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado sijaona ya kuing'oa. Risasi ngumu ya .375 hupenya fuvu la ndovu. Ubavuni mwa nyati hufika inakotakiwa. Njia yake imenyooka kiasi kwamba ukilazimika kupiga mbali kidogo huhitaji kukisia sana. Na mtu wa kawaida, akifundishwa taratibu, huizoea ndani ya miezi michache. Upatikanaji wa risasi zake nao si jambo dogo, hasa kwenu mnaokwenda kufanya kazi nchi za watu.

Wajerumani nao walikuwa na yao. Mwaka 1905 fundi wa Berlin aliyeitwa Otto Bock alitengeneza 9.3x62 kwa ajili ya walowezi na wakulima wa makoloni yao, Tanganyika ikiwemo, watu waliotaka bunduki moja ya kazi zote kwa bei wanayoiweza. Ni nyepesi, teke lake ni la kiungwana kuliko la .375, na imefanya kazi kwa utulivu bila kupigiwa kelele. Ukiikuta imetunzwa, usiidharau.

Juu kidogo kuna .404 ya Jeffery. Hii wazee wenzangu wataikumbuka, maana ndiyo idara za wanyama za Kenya na Tanganyika ziliyowapa askari wake zamani. Ilisifiwa kwa kusukuma bega badala ya kulichapa. Na kuna .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, silaha nzuri mno mikononi mwa aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine. Sikatai kaliba kubwa. Mtu anayetangulia mbele ya wenzake kumfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani anaweza kuhitaji .416 au .458, kwa sababu hapo ni hatua 5, hakuna nafasi ya pili. Ninachokataa ni kumpa kijana wa mwezi wa kwanza silaha hiyo kama zawadi.

Nayo .458, kwa kuwa inapendwa hivyo, niitolee siri moja. Ilipotoka mwaka 1956 ilisifiwa sana kwa kuwa inaingia kwenye bunduki ya kawaida na bei yake ilikuwa nafuu. Lakini ganda lake linalobeba baruti ni fupi, na ili kufikia mwendo ulioandikwa kwenye boksi, baruti ilishindiliwa. Risasi zikikaa miaka kwenye joto, baruti iliyoshindiliwa hivyo ilikuwa ikiganda, haiwaki sawasawa, na risasi inatoka mdomoni imechoka. Jack Lott wa Marekani alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akaondoka na imani kwamba .458 haimtoshi, na baadaye akatengeneza yenye ganda refu inayobeba jina lake. Viwanda vimerekebisha baruti tangu wakati huo. Hata hivyo, ukikabidhiwa risasi za stoo, uliza zimekaa miaka mingapi na zimelazwa wapi, hata kama mtunza stoo atanuna.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo husahauliwa, nalo ni kitako. Bunduki mbili za kaliba moja zinaweza kukupiga tofauti kabisa. Iliyo nyepesi inapiga zaidi. Nusu kilo ya ziada utailaani ukipanda mlima, na utaishukuru ukivuta triga. Kitako kirefu kuliko mkono wako hukufanya unyooshe shingo na kukiegemeza kwenye ncha ya bega, juu ya mfupa. Kifupi mno kinaleta kidole gumba puani. Bunduki nyingi tulizorithi zilipimwa kwa miili ya Wazungu warefu waliovaa koti zito.

Kulikuwa na askari wa kike, binti wa Kano, aliyeletwa kwangu nimfundishe. Waliomleta walishasema kwamba bunduki kubwa haziwezi. Nilimtazama akipiga .375 mara mbili, nikaona shida haikuwa nguvu: kitako kilikuwa kirefu kwake kama upana wa vidole viwili. Tukampelekea seremala, akakikata, akakirudishia mpira wake. Nikamrudisha kwenye bunduki ndogo ya .22 kwa mwezi mzima, kisha .30-06, kisha .375. Mwisho wa mafunzo alikuwa akiweka risasi tatu kwenye duara la kisosi kwa hatua 50, amesimama, na wanaume waliomcheka walikuwa bado wanatafuta ubao ulipo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Pima mtu, kisha pima bunduki, na ukiona haviendani, badilisha bunduki.

Darubini, ukiiweka, iwe ya ukuzaji mdogo na ikae mbali na jicho, la sivyo itakuchora alama juu ya nyusi ambayo hutaificha. Vile vifaa vya kufungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza teke hupunguza kweli, lakini hutupa mlio pembeni, na mwenzako anayefuata nyayo kando yako ndiye atakayezeeka kiziwi. Mimi sivitaki kazini.

Kuhusu risasi yenyewe nitasema machache. Risasi ngumu hupenya moja kwa moja. Hiyo ni ya ndovu na kiboko. Laini hufunguka ndani na kufanya jeraha pana. Hiyo, ikiwa imetengenezwa imara, inafaa kuanza nayo kwa nyati. Kumbukeni tu kwamba risasi ngumu ya .375 inaweza kupita upande wa pili wa nyati na kuendelea na safari. Kama nyuma yake kuna nyati wengine, au boma la mtu, hupigi. Katika mashamba yetu haya yaliyobanana, mara nyingi jibu sahihi ni kushusha mtutu na kungoja.

Na wapi pa kupiga? Mnyama akiwa ametupa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ingia theluthi ya kwanza ya kifua, basi. Moyo uko hapo, na ukikosea juu kidogo kuna mapafu. Kulenga ubongo wa ndovu au kiboko ni kazi ya aliyefundishwa kwa fuvu mkononi, msikisie. Kwa ndugu zangu wa Dunga na pwani yote ya ziwa: kiboko akipigwa vizuri majini huzama, na huchukua saa moja au zaidi kabla ya kuelea. Msiingie na mitumbwi kumtafuta kwa kuwa watu wameanza kuimba. Ngojeni, maana aliyezama akiwa hai anawangoja pia.

Kijana wa Cheptais aliniuliza jana kama si aibu kukiri kwamba bunduki imekushinda. Nimelifikiria usiku. Mwaka 1976 kama ningeinua mkono na kusema, afande, hii siiwezi, nipeni .375 iliyokuwa kabatini, ningechekwa labda wiki moja. Yule mama angechota maji yake, angeokota kuni zake, angecheza na wajukuu wake akiwa amesimama kwa miguu miwili. Ninyi mnaowaongoza wengine, mkiona kijana ameinua mkono namna hiyo, mpeni bunduki anayoomba na msiruhusu mtu acheke.

Kesho saa moja asubuhi tuko uwanja wa shabaha. Njooni na shati zito na kitu cha kuziba masikio. Hakuna atakayegusa bunduki kubwa kabla hajapiga .22 risasi 20, hata kama ana vyeo mabegani. Kisha nitawapakilia .375 mimi mwenyewe, mgeuke pembeni msione ninachoweka. Mara nitaweka risasi ya kweli, mara ya bandia isiyo na baruti. Ukivuta triga kwenye ile ya bandia, sote tutakuwa tunautazama mdomo wa mtutu. Ukitulia kama kijiti kilichochomekwa, unasonga mbele. Mtutu ukishuka, unarudi kwenye .22, na kesho kutwa tunajaribu tena. Nimekuja na risasi za bandia 30, na sina haraka ya kurudi nyumbani.